Mtu Hai Haingii Kwenye Stempu

Sheria ya nchi yetu inasema mtu hai haingii kwenye stempu. Ni sheria fupi, na ndiyo pekee ambayo sijawahi kuiona ikivunjwa. Walioitunga walikuwa na akili zao. Stempu hulambwa mgongoni na watu wasiojulikana, hubandikwa pembeni mwa bahasha, kisha karani huinua muhuri wa chuma na kuugonga usoni. Binadamu gani mwenye damu angestahimili hayo mara milioni mbili kwa mwaka? Maiti hustahimili. Maiti huvumilia heshima yoyote utakayompa, hata ile ambayo angekuwa hai angeitemea mate. Ndiyo maana nchi yetu inawapenda sana marehemu wake, na walio hai inawavumilia tu, ikisubiri.

Mimi ndiye ninayewachonga. Miaka thelathini na minane nimekaa penye dirisha la kaskazini, ghorofa ya tatu ya Idara ya Posta, jicho moja kwenye lenzi, nikikwangua nyuso juu ya bamba la chuma kwa sindano. Nimechonga majenerali wanane na mama mzazi wa jenerali mmoja. Nimechonga matunda, daraja, na ndege mwenye shingo ndefu ambaye hayupo tena duniani. Katika ofisi yetu mtu huitwa kwa kazi yake, kwa hiyo jina nililopewa na mama yangu halijatamkwa mahali popote kwa miaka mingi. Naitwa Mchongaji. Hata mke wangu huniita hivyo akiwa amekasirika. Najiuliza, kwa kuwa sina mwingine wa kumuuliza: mtu akisahauliwa jina, bado yupo? Na akikumbukwa jina tu, mwili ukasahauliwa, ni yupi kati ya hao wawili anayestahili kula chakula cha mchana?

Mwaka huo ulikuwa mwaka ule ule. Nchi ilikuwa inaurudia kwa mara ya tatu kwa sababu sherehe zake zilikuwa hazijaisha, na Mkurugenzi wa Posta alikuwa na mamlaka ya kuchelewesha tarehe. Yeye pia ndiye aliyeshika king'ora cha adhuhuri kilichokuwa juu ya paa letu. Adhuhuri ilikuwa pale alipobonyeza. Siku nyingine ilitukuta hatujanywa chai ya asubuhi. Tulizoea. Nilipokiona kivuli changu bado kirefu na king'ora kimeshalia, nilidhani kivuli ndicho kilichokosea.

Mkurugenzi aliitwa Gunapala. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono laini, asiyepandisha sauti, na sijapata kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa yeye. Aliniita ofisini kwake akanisogezea faili.

“Mchongaji, serikali imeamua kumuenzi Mtawa Sumedhasiri.”

Nilikaa kabla sijaambiwa nikae. Sumedhasiri! Mtawa wa Kibudha, mwanazuoni aliyeandika sharhi ya juzuu kumi na mbili juu ya maandiko ya kale, na mshairi ambaye mashairi yake wauza mboga waliyajua kwa moyo. Serikali hiyo hiyo ilichoma juzuu zote kumi na mbili mbele ya jengo letu. Ilichoma na picha zake. Yeye mwenyewe ilimpeleka milimani na kumkataza kurudi. Na mimi, kabla sijawa Mchongaji, nilikuwa mwanafunzi wake kwa miaka saba. Nilimwoshea miguu kila arudipo kutoka matembezini. Siku askari walipokuja, yeye alitokea mlango wa mbele na mimi nikatokea wa nyuma. Huko nyuma ndiko nilikopatia kazi.

“Amefariki lini, Mheshimiwa?”

“Faili linasema amefariki.”

Nililifungua. Lilikuwa na karatasi moja, na nilipoisoma nilijua kabisa kilichotokea, maana hakuna watu wengine duniani ambao wangeweza kukosea namna ile. Kwa utaratibu wetu, mwenye barua ni lazima afike dirishani na kuuliza, “Je, nina barua?” Asiyeuliza hapewi. Barua tatu za mtu mmoja zikikaa mwaka bila kuulizwa, karani huandika kwamba mwenyewe amefariki. Na watawa wa kundi la Sumedhasiri wana kiapo cha kutoomba kitu chochote kwa mtu yeyote. Hawaombi chakula, hawaombi maji, hawaombi njia. Nikamwona akilini, amesimama kimya mbele ya dirisha la posta ya milimani, karani akimtazama, akingoja aseme neno, naye akingoja apewe, mpaka karani anachoka na kusema, “Anayefuata!” Hivyo mara tatu. Hivyo ndivyo mwalimu wangu alivyokufa.

Nilijua, basi. Sitaki kudanganya katika hili. Nilijua kwamba karatasi ile haikuthibitisha kitu, nikafunga faili, nikasema, “Nitamchonga vizuri, Mheshimiwa.”

Nilitaka kumchonga, ndiyo. Nilikuwa nimechoka na majenerali. Nilitaka kabla sijafa nichonge uso mmoja usio na uongo.

Ila picha hazikuwepo, na kumbukumbu yangu ilikuwa imeliwa na lenzi. Kila nilipofumba macho niliona kipara, joho la manjano, na katikati mahali patupu. Nilikaa wiki mbili sijakwangua mstari hata mmoja. Mwishowe nikatundika kioo dirishani. Nilijiambia kwamba nitaazima paji la uso tu. Kesho yake nikaazima macho. Nikajinyoa nywele ili nione umbo la fuvu. Kufikia mwisho wa mwezi bamba lilikuwa tayari, na aliyenitazama kutoka ndani yake alikuwa mimi, mwenye hekima ambayo sikuwahi kuwa nayo na utulivu ambao sijaujua. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliipenda. Wapiga chapa walichapa stempu milioni mbili, na hakuna aliyelalamika kwamba haikufanana na mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemkumbuka mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya uzinduzi, asubuhi, mke wangu Visaka aliponiita kutoka mlangoni.

“Kuna mtawa hapa. Mzee sana. Naona si wa mjini.”

Ni lazima nieleze jinsi watawa hao wanavyokula, kwani mambo yote yaliyofuata yanatokana na hilo. Hawapiki. Hawaweki akiba ya kesho. Kila asubuhi hupita na bakuli, husimama mlangoni kimya kwa muda wa pumzi kumi, na wasipopewa huenda mlango mwingine. Walichopewa hukila kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikishapita ni maji tu mpaka asubuhi.

Nilitoka. Kwanza nilitazama chini, kwa aibu ya mtu ambaye hajatoa sadaka siku nyingi, nikaona miguu. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kilikuwa kimelala juu ya kidole gumba. Miaka saba nilikuwa nikikiinua kidole hicho ili niondoe udongo chini yake. Ningekitambua hata kaburini.

“Mwalimu.”

“Mwanangu,” alisema, “umezeeka. Na mbona umenyoa?”

“Mwalimu, wewe umekufa.”

“Nimeambiwa.” Akacheka, na mifupa ya kifua chake ikaonekana ikipanda na kushuka. “Tangazo lilifika kijijini nami nikiwa nimesimama pale pale kati ya wanakijiji. Watu walilia sana, nikaona haya kuwakatiza. Kisha wakapika. Wakapeleka chakula chote hekalu kubwa, ili watawa wa huko wale na thawabu zinifikie mimi niliko. Kesho yake wakapika tena, na kesho kutwa. Nilipopita na bakuli waliniambia, mzee, wiki hizi tunatoa kwa ajili ya Sumedhasiri tu.”

“Si walikuwa wakikujua?”

“Walikuwa wakimjua mzee anayepita. Jina langu nililiacha hapa mjini, na ninyi mkalitunza.” Alisema bila uchungu, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana.

“Ungewaambia basi! Ungesema tu, ndiye mimi.”

“Mtu aliyeshika bakuli tupu akisema ndiye mimi, amesema nini zaidi ya nipeni?”

Hapo nilimchukia. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Nilimchukia kwa kukonda, kwa kuwa sahihi, kwa kutembea siku sita ili aje afe njaa mlangoni kwangu kwa utaratibu. Mjini mambo yalikuwa mabaya kuliko milimani. Redio ilikuwa imetangaza kwamba sadaka zote za wiki ile ziwe kwa nia ya marehemu Sumedhasiri na zipelekwe hekalu kubwa kwa magari ya Posta. Hakuna nyumba iliyothubutu kumpa mtawa mwingine. Jina lake lilikuwa linalishwa na mji mzima, na yeye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu juzi.

Visaka alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alitoka na sahani ya wali na dengu, bado unatoa mvuke, akashuka ngazi moja, na king'ora kikalia.

Jua lilikuwa bado upande wa mashariki, juu kidogo ya mapaa. Mwalimu alilitazama. Akafunika bakuli kwa kiganja.

“Ameshatangaza,” alisema. “Nimeipokea nia yako, mama. Ubarikiwe.”

“Lakini ni saa tatu!” alisema Visaka. “Mtawa, ni saa tatu ya asubuhi! Kila mtu anaona!”

“Adhuhuri ni ya wale wanaoishi nayo. Nikichagua ya kwangu, nitachagua kila siku ile yenye wali.”

Visaka alimpa maji. Alikunywa kopo letu la bati mara mbili, akaketi kwenye ngazi, akafumba macho. Mke wangu alinishika shati.

“Nenda kamwambie Mkurugenzi. Sasa hivi. Mwambie yuko hai. Watangaze, watu wampe chakula. Ni neno moja tu.”

Nilikwenda. Mnishukuru kwa hilo, kama mna shukrani za ziada. Nilipanda ngazi hadi kwa Gunapala nikasema neno lenyewe: “Mheshimiwa, Sumedhasiri yuko hai. Yuko kwangu, amekaa kwenye ngazi.”

Hakushtuka. Alichukua karatasi nzima ya stempu akaniwekea mbele. Nyuso mia moja, zangu zote, zikanitazama.

“Huyu ndiye Sumedhasiri,” alisema. “Wewe ulimchonga. Huyo aliyekaa kwako anafanana naye?”

“Hapana, Mheshimiwa.”

“Basi ni nani?”

“Ni Sumedhasiri.”

“Mchongaji.” Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kunywa dawa. “Mtu hai hawezi kuingia kwenye stempu. Ameingia. Kwa hiyo, ama yeye hayuko hai, ama kuna mtu humu ndani aliyemchonga mtu hai akijua. Kosa hilo adhabu yake unaifahamu. Mimi sikulazimishi. Wewe ndiye mwanafunzi wake pekee aliyebaki. Ukisema mzee huyo siye, siye. Ukisema ndiye, tutachoma stempu zote milioni mbili leo hii, tutaliyeyusha bamba lako, na wewe tutakupeleka huko kwao milimani.”

Akaniwekea karatasi. *Nathibitisha kwamba nilimfahamu marehemu, na kwamba.* Sikuisoma mpaka mwisho.

Nilifikiri nini? Niseme. Sikufikiri juu ya adhabu kwanza. Kwanza nilifikiri juu ya bamba. Ule mstari chini ya jicho la kushoto, ambao uliniumiza mkono siku nne. Wauyeyushe? Kisha nikafikiri juu ya adhabu. Kisha nikamfikiria yeye, wa tatu, amekuja wa tatu, na nikatafuta njia ya kumtoa asinisumbue, nikaipata katika mafundisho yake mwenyewe. Alitufundisha nini miaka ile saba? Kwamba hakuna mimi. Kwamba mtu ni mkokoteni: vua magurudumu, vua mbao, vua kamba, halafu nionyeshe mkokoteni uko wapi. Basi, Mwalimu. Hakuna wewe. Ninayemkana ni nani? Hakuna mimi. Anayekana ni nani? Mkono umeshika kalamu, kalamu imegusa karatasi, wino umetoka, na hakuna mtu aliyefanya kitu. Safi kabisa. Sikuwahi kulielewa somo lile vizuri kama nilivyolielewa nikiwa nasaini. Na jinsi lilivyonifaa, ndivyo nilivyojua kwamba nimelielewa kwa njia chafu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Visaka amesimama barazani.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Atatangaza?”

“Baada ya uzinduzi,” nilisema. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mke wangu katika mwaka ule, katika mizunguko yake yote mitatu.

Siku mbili zilizofuata king'ora kililia mapema zaidi. Kesho yake kililia Visaka akiwa anaosha mchele. Siku iliyofuata kililia kabla hata moto haujawaka. Mwalimu alikunywa maji, akaketi. Hakunilaumu wala hakuniuliza nilikokwenda. Nilianza kupitia mlango wa nyuma.

Siku ya uzinduzi kiwanja cha Posta kilijaa. Ukutani walikuwa wametundika stempu iliyokuzwa ikawa kubwa kama nyumba, na uso wangu ukawaangalia watu kwa huruma. Kila aliyenipita alisimama. Waliniambia, “Lo, unafanana na marehemu!” Wengine waligusa mkono wangu kisha wakagusa vipaji vya nyuso zao. Sikuwazuia. Nilihisi joto fulani zuri kifuani, na kwa kitambo sikuwa na hakika kama ninayeheshimiwa ni yeye au ni mimi, wala sikutaka kuwa na hakika.

Watawa ishirini wa hekalu kubwa waliketi kwenye mkeka mrefu, majoho yao mapya, mabakuli mbele yao. Mwisho wa mkeka, pale mkeka ulipoishia na mchanga ulipoanzia, aliketi mwalimu wangu. Nadhani alikuja kwa sababu ndipo mahali pekee mjini palipokuwa na chakula. Aliliweka bakuli lake mbele yake akainamisha kichwa.

Gunapala alisoma shairi. Alilisoma vizuri, kwa sauti ya kulia kidogo:

*Nikipita mlangoni pako, bakuli langu jeupe ndani,*
*usiulize jina langu. Njaa ndiyo iulize,*
*itakujibu kwa lugha ya mama yako.*

Hili ndilo shairi walilomfukuzia. Watu walifuta machozi. Mwalimu alisikiliza kwa makini, kichwa upande, kama anayesikia kazi ya mshairi mwingine na kuiona si mbaya.

Kisha wanawake wakaanza kugawa. Visaka alikuwa miongoni mwao, ana sufuria na upawa. Alipita bakuli la kwanza, la pili, la kumi. Watawa walijaziwa mpaka vifuniko havikufunga. Alipofika mwisho wa mkeka askari akanyoosha mkono.

“Mama, huyu hayumo kwenye orodha. Ni nani?”

Visaka alinitazama. Gunapala naye alinitazama, kisha akasema kwa upole, “Mchongaji alimfahamu marehemu na watu wake wote. Atatuambia.”

Kiwanja kizima kilinigeukia. Ilikuwa rahisi mno. Neno lilikuwa limeshakaa ulimini tangu mlangoni kwangu: ndiye. Nilitazama ukutani, kwenye ule mstari chini ya jicho la kushoto.

“Sijui,” nilisema. “Mzee tu.”

Visaka alisimama, upawa mkononi, akaniangalia kwa muda wa kutosha kunifahamu. Kisha akamsukuma askari kwa bega, akachota wali, akauinua juu ya bakuli la mwalimu wangu. King'ora kikalia. Sijui nani alibonyeza. Mwalimu alifunika bakuli kwa viganja vyote viwili, na wali ukaanguka juu ya vidole vyake, na kutoka hapo mchangani. Hakulamba. Visaka aliketi chini pale pale na kuanza kulia kwa sauti, wakamwondoa.

Ilibaki sehemu ya mwisho ya ibada. Watawa wakishapewa, mtu wa karibu wa marehemu humimina maji kutoka kwenye birika kuingia kwenye kikombe kilichokaa juu ya sinia, kikombe kikajaa, kikafurika, na maji yanavyomwagika ndivyo thawabu za chakula kile zinavyomfikia marehemu. Hamna ibada nyingine ninayoiamini. Gunapala alinipa birika. “Wewe ndiye mtu wake wa karibu,” alisema.

Nilipiga magoti mwisho wa mkeka, nikaanza kumimina. Mikono yangu ilikuwa imetulia; ni mikono ya kazi. Kikombe kikajaa. Maji yakafurika juu ya sinia, yakafika ukingoni, yakaanza kudondoka. Jua lilikuwa kali. Mkono mmoja ukaja chini ya ukingo wa sinia, umekunjwa kama kijiko, una punje za wali zilizokauka kati ya vidole. Hakuomba. Aliuweka tu pale, palipokuwa panadondoka maji. Kiganja kikajaa, akaanza kukiinua kuelekea mdomoni.

Watu walianza kunong'ona. Gunapala akakohoa.

“Mzee,” nilisema, kwa sauti ambayo kiwanja kizima kilisikia, “toa mkono. Hayo ni maji ya marehemu.”

Mwalimu wangu alisimamisha mkono karibu kabisa na midomo. Alinitazama, akautazama ule uso ukutani, akanitazama tena. Kisha akayarudisha maji kwenye sinia, taratibu, asipoteze hata tone.

“Kweli,” alisema. “Mmiminie yote.”

Nikammiminia, mpaka birika likaisha.